Kwa nini Limuru huvuna chai ilhali Mai Mahiu hungoja mvua

MSAFIRI anayetoka Limuru kuelekea Naivasha kwa barabara ya chini huacha nyuma yake mashamba ya majanichai, ukungu na baridi inayomlazimu kufunga vifungo vya koti. Muda mfupi baadaye huanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, katika barabara iliyojengwa na mateka wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Anapofika Mai Mahiu, chini ya mteremko, koti limevuliwa na chai haionekani tena. Badala yake kuna vichaka vya leleshwa, migunga, mbuzi na vumbi jepesi linalotimuliwa na malori yaendayo Narok na Naivasha.

Kwa mstari ulionyooka, miji hiyo miwili haitenganishwi na zaidi ya kilomita 20. Hata hivyo, chai, ambayo ilipandwa Limuru kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903 na baadaye ikawa tegemeo la maelfu ya familia za nyanda za juu, haijawahi kuteremka ukingo huo.

Mai Mahiu, mji ulio katika Kaunti ya Nakuru na ambao jina lake lina maana ya maji moto kwa lugha ya Gikuyu, uko penye njia panda. Barabara moja hupanda Limuru kwenye chai. Ya pili huelekea Naivasha kwenye mashamba ya maua yanayouzwa Ulaya. Ya tatu hupita Suswa hadi Narok, kaunti inayosifika kwa ngano na shayiri. Katikati ya neema hizo zote, wakazi wa Mai Mahiu mara nyingi hununua chakula badala ya kukivuna. Viazi na kabeji za sokoni hutoka Kinangop, nyanda zinazoonekana kwa macho kutoka mjini.

Swali la kwa nini mmea fulani hustawi hapa na kukataa pale huonekana kuwa la darasani. Kwa wakazi wengi wa eneo hili, ni swali la chakula cha mwaka mzima. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu kufurushwa makwao, familia nyingi zilizotoroka Uasin Gishu na maeneo mengine ya Bonde la Ufa zilijikuta Mai Mahiu. Baadhi zilichanga fedha za msaada walizopewa na serikali na kununua vipande vya ardhi kwa pamoja. Miongoni mwao walikuwamo wakulima stadi wa mahindi. Ujuzi wao haukuwa umepungua, lakini ulikuwa ujuzi wa mahali pengine.

Tangu wakati huo, watu wengine wengi wamenunua ploti kando ya barabara na reli, wengine wakitumai kulima yale waliyoyazoea kwao. Ndiyo maana inafaa kueleza ni nini hasa kinachoamua zao lipi litaota wapi.

Mawingu yapitayo

Jambo la kwanza ni mvua, na mvua ya Kenya ya kati huletwa kwa sehemu kubwa na pepo zitokazo Bahari ya Hindi, upande wa mashariki na kusini mashariki. Pepo hizo hubeba unyevu hadi zinapokutana na milima ya Nyandarua na nyanda za Kiambu. Hapo hulazimika kupanda. Hewa inapopanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushikilia unyevu mwingi. Hivyo unyevu hugeuka ukungu, mawingu na hatimaye mvua. Miteremko ya mashariki ndiyo inayopata fungu kubwa. Ukanda wa chai na kahawa unaotoka Kiambu hadi Murang'a, Nyeri na Kirinyaga umetandazwa upande huo kwa sababu hiyo.

Baada ya kuvuka kilele cha ukingo, hewa ileile huteremka bondeni ikiwa imekwisha kutua mzigo wake. Hewa inayoteremka huongezeka joto, takriban nyuzijoto 1 kwa kila mita 100, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyozidi kukausha badala ya kunyesha. Kijabe, iliyo ukingoni juu ya Mai Mahiu, ilipewa jina la Kimaasai lenye maana ya mahali pa upepo. Upepo huo ndio unaofika bondeni ukiwa mkavu. Wataalamu wa jiografia huliita eneo lililo nyuma ya mlima namna hii kivuli cha mvua.

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mai Mahiu methali hiyo huenda kombo: mkulima huona mawingu mazito yamejikunyata juu ya ukingo siku nzima, huenda hata akasikia ngurumo, na shamba lake lisipate tone.

Tarakimu zinathibitisha hali hiyo. Chai huhitaji kiasi cha milimita 1,200 za mvua kwa mwaka au zaidi, tena ziwe zimegawanyika vizuri katika miezi yote. Kericho hupata karibu milimita 2,000. Limuru hupata kidogo kuliko Kericho, lakini ukungu na baridi ya huko hupunguza kiu ya mmea. Naivasha, ambayo pia imo katika kivuli cha mvua, hupata wastani wa kati ya milimita 600 na 700, na hali ya uwanda unaotoka Mai Mahiu kuelekea Suswa inakaribiana na hiyo. Fauka ya hayo, jua na upepo wa bonde vina uwezo wa kugeuza mvuke maji ya kina cha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Kwa lugha nyepesi, anga hudai zaidi ya mara mbili ya kile inachotoa.

Mwinuko na baridi

Jambo la pili ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Kwa wastani, joto hupungua kwa takriban nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali sakafu ya bonde karibu na Mai Mahiu iko kiasi cha mita 1,700 hivi. Tofauti hiyo ya mita 500 inatosha kumtenga mkulima mmoja na mwingine.

Mimea mingine haiwezi kuvumilia baridi. Mnazi hutaka joto la mwaka mzima, ndiyo sababu hustawi Kilifi, Kwale na Lamu lakini hauwezi kuzaa Limuru hata ukimwagiliwa maji kila siku. Mkarafuu, uliozifanya Unguja na Pemba kuwa maarufu duniani katika karne ya 19, una tabia hiyohiyo: joto na unyevu, pasipo usiku wa baridi kali.

Mimea mingine huhitaji baridi. Pareto, zao lililowahi kuipa Kenya nafasi ya kwanza duniani na ambalo kiwanda chake kiko Nakuru, haichanui vizuri isipopitia majuma kadhaa ya baridi. Kwa hiyo makao yake ni Molo, Kinangop na nyanda nyingine za juu. Ikipandwa kwenye joto huota majani na kubania maua, ilhali maua ndiyo yanayouzwa. Viazi navyo hutunga vizuri zaidi udongo ukiwa na nyuzijoto kati ya 15 na 20. Udongo unapokaribia nyuzijoto 30, mmea huweza kupendeza kwa majani, lakini mkulima akifukua hukuta viazi vichache na vidogo.

Hata hivyo, mwinuko pekee hautoshi kueleza mambo. Ruiru, kilipo kituo cha utafiti wa kahawa, iko kiasi cha mita 1,600, karibu sawa na Mai Mahiu. Joto la Mai Mahiu lingeweza kuufaa mkahawa. Kinachokosekana ni mvua, kwani Ruiru hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Kinyume chake pia ni kweli: muhogo huvumilia ukame wa Pwani, lakini ukipandwa kwenye mwinuko wa Mai Mahiu, penye usiku wa baridi, huchelewa sana kukomaa. Mtama wa nyanda za chini huchelewa vilevile penye baridi, jambo lililowafanya watafiti wa kituo cha Lanet karibu na Nakuru kushughulikia aina za mtama zinazostahimili baridi.

Hapa ndipo ugumu wa Mai Mahiu ulipo. Eneo hili ni kavu mno kwa mazao mengi ya nyanda za juu, na lina baridi kidogo kupita kiasi kwa mazao kadhaa ya nyanda kame za chini. Anayeambiwa kwamba apande mazao ya ukame anapaswa kuuliza ni ukame wa wapi.

Udongo wa jivu

Jambo la tatu ni udongo. Udongo mwekundu wa Limuru ulitokana na miamba ya volkano ya kale iliyooza kwa muda mrefu sana. Mvua nyingi za karne baada ya karne ziliosha chokaa na madini mengine mepesi na kuacha udongo wenye kina kirefu na wenye asidi. Mimea mingi huchukia asidi hiyo, lakini chai huitaka: hustawi katika udongo wenye kipimo cha asidi cha kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Kwa njia hiyo mvua huihudumia chai mara mbili, kwanza kwa kuinywesha, pili kwa kuiandalia udongo.

Udongo wa Mai Mahiu ni mchanga zaidi kwa umri. Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, ni volkano ambayo inakadiriwa kulipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860, na Mlima Suswa ulio kusini magharibi ni volkano pia. Milipuko ya zamani ilifunika uwanda kwa jivu na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Udongo wa namna hiyo huweza kuwa na rutuba nzuri, na ni rahisi kulima kwa jembe. Ila una udhaifu wa aina mbili. Penye vijiwe vingi, maji hupenya haraka na kuiacha mizizi ikiwa na kiu. Penye jivu laini, chembechembe hazishikani, hivyo mvua kubwa huzichukua.

Wakenya walishuhudia udhaifu huo mnamo Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatwa na ufa mkubwa karibu na Suswa. Picha zake zilizunguka ulimwengu pamoja na madai kwamba Afrika ilikuwa ikipasuka vipande viwili papo hapo. Wanajiolojia wengi walitoa maelezo ya kawaida zaidi: mvua kubwa ilikuwa imeosha jivu lililokuwa limejaza nyufa za zamani ardhini. Kinachokata barabara ndicho pia kinachokata mashamba. Mkulima asiyeweka makinga-maji huweza kupoteza tabaka la juu la udongo, lenye rutuba yote, kwa dhoruba moja.

Udongo wa volkano wa Bonde la Ufa una upungufu mwingine usioonekana kwa macho. Katika karne iliyopita, ng'ombe waliolishwa maeneo ya Nakuru walidhoofika na kufa ilhali nyasi zilikuwa tele. Maradhi hayo yaliitwa Nakuruitis kwa jina la mji huo, na yakagunduliwa kusababishwa na ukosefu wa madini ya kobalti katika malisho. Katika mashamba ya ngano ya eneo hilohilo, watafiti waligundua kuwa mimea ilikosa madini ya shaba. Kiasi kilichohitajika kilikuwa kidogo mno, lakini bila hicho punje hazikujaa.

Mbegu na siku za mvua

Jambo la nne, na ambalo limewagharimu wengi Mai Mahiu, ni urefu wa msimu. Jumla ya mvua ya mwaka si hoja kubwa kama idadi ya siku ambazo udongo hubaki na unyevu mfululizo.

Uasin Gishu na Trans Nzoia hupata msimu mmoja mrefu, kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Oktoba. Kwa ajili ya msimu huo, watafiti wa Kitale walizalisha mahindi chotara ya nyanda za juu, ya kwanza yakiwa H611 yaliyotolewa mwaka 1964. H614 yaliyofuata yakawa kipenzi cha wakulima kwa magunia yake mengi. Mahindi hayo huchukua miezi sita hadi minane kukomaa. Huko kwao, mvua huyasindikiza karibu safari yote.

Mai Mahiu mvua imegawanyika katika misimu miwili mifupi: masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mbegu ya miezi saba ikipandwa mwanzoni mwa masika huota vizuri na kurefuka, na shamba hupendeza machoni. Inapofika wakati wa kutoa maua, mvua imekwisha. Huo ndio wakati ambao hindi haliwezi kabisa kuvumilia kiu: ndevu huchelewa kutokeza, chavua humwagika kabla hazijawa tayari, na gunzi hubaki bila punje. Mkulima huvuna majani ya kulisha ng'ombe. Asiyejua chanzo huilaumu mbolea, aliyemuuzia mbegu au bahati yake mwenyewe.

Jibu la tatizo hili lilipatikana upande mwingine wa Nairobi. Kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, kiko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hupata takriban milimita 700 za mvua kwa mwaka katika misimu miwili. Kwa mwinuko na kwa mvua, Katumani na Mai Mahiu ni kama ndugu. Katika miaka ya 1960, watafiti wa kituo hicho walizalisha mahindi ya Katumani, ambayo hutoa maua baada ya takriban siku 60 na kukomaa kati ya miezi mitatu na minne. Mmea wake ni mfupi na magunia yake ni machache kuliko ya Kitale. Nguvu yake haiko katika kushinda ukame, bali katika kumaliza kazi kabla ukame haujafika. Tangu wakati huo zimetolewa mbegu nyingine kadhaa za maeneo kame zinazofuata kanuni hiyohiyo.

Mkulima aliyetoka Eldoret na kuzoea kuhesabu magunia kwa ekari huiona mbegu ya Katumani kuwa ya kimaskini. Lakini magunia matano yanayopatikana ni bora kuliko 25 ambayo yangepatikana kama mvua ingenyesha hadi Oktoba.

Tofauti kama hizi ndizo zilizochorwa katika mwongozo wa kilimo ambao Wajerumani Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt waliiandalia Wizara ya Kilimo na kuchapishwa mwaka 1982 na 1983. Waliigawa nchi kwa kuzingatia joto, unyevu na urefu wa misimu, wakavipa vipande majina ya mazao yake: ukanda wa chai na ng'ombe wa maziwa, ukanda wa kahawa, wa ngano na shayiri, wa ufugaji na mtama, na kadhalika. Katika ramani hizo, kanda hubadilika haraka sana kutoka ukingoni kwenda bondeni, kwani mita mia chache za mteremko hufanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa na mamia ya kilomita.

Wadudu na kutu

Hali ya hewa huamua pia adui wa mmea. Lord Delamere, mlowezi Mwingereza aliyepata ardhi kubwa Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, alidhani kuwa ngano ingefanikiwa huko bila shida kwa vile baridi ilifanana na ya Ulaya. Ugonjwa wa kutu uliila. Alilazimika kugharamia kazi ya kuzalisha mbegu zinazostahimili ugonjwa huo, na mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kikaanzishwa Njoro. Utafiti wa ngano unaendelea huko hadi leo.

Kwa upande huu, ukavu wa Mai Mahiu una faida. Ukungu unaoozesha nyanya na viazi huenea kwa kasi penye majani yaliyolowa kwa saa nyingi. Hewa kavu huupunguza. Mwenye maji ya kunyunyizia shina, bila kulowesha majani, huweza kuvuna nyanya na vitunguu kwa dawa chache kuliko mwenzake wa juu ukingoni.

Maji ya kunyunyizia

Naivasha inaonyesha kile ambacho maji yanaweza kubadilisha na kile ambacho hayawezi. Tangu miaka ya 1970, maua yamelimwa huko kibiashara kwa sababu mambo kadhaa yalikutana: ziwa la maji yasiyo na chumvi, jua la ikweta la mwaka mzima, usiku wa baridi unaoimarisha maua, na barabara ya kufika uwanja wa ndege wa Nairobi kwa saa chache. Jua, baridi na mwinuko haviwezi kununuliwa. Maji ndiyo pekee yanayoweza kuvutwa kwa bomba.

Lakini maji nayo yana mwenyewe. Mnamo Januari 2005, mzozo kuhusu maji ya mto Ewaso Kedong ulizua mapigano kati ya wakulima na wafugaji eneo la Mai Mahiu. Wafugaji walilalamika kwamba maji yalikuwa yakielekezwa mashambani huko juu, na mifugo ya chini ikabaki bila ya kunywa. Watu kadhaa waliuawa na mamia wakatoroka makwao. Nyanya zinazomwagiliwa upande mmoja wa mto huu huhesabiwa upande wa pili kwa ng'ombe waliokufa kwa kiu.

Maji yakija yote kwa pamoja, huwa hatari ya aina nyingine. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, baada ya mvua kubwa, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli ya zamani juu ya Mai Mahiu yalibomoa kizuizi na kufagia kijiji cha Kamuchiri. Makumi ya watu walikufa. Eneo linalolia ukame kwa miezi mingi lilikuwa limefurika kwa usiku mmoja, kwa sababu mvua yote ya ukingoni hatimaye hutafuta njia ya kuteremka bondeni.

Kabla ya majembe

Kulima si matumizi ya kwanza ya uwanda huu. Wamaasai walilisha mifugo yao hapa kwa kufuata mvua: palipokauka walihama, paliponyesha wakarudi. Mkataba wa mwaka 1904 kati yao na serikali ya kikoloni uliwaondoa katika maeneo ya Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi. Ploti ya nusu ekari yenye ua haiwezi kuhama. Inalazimika kungoja mvua iijie, na hiyo ni kazi ngumu zaidi mahali ambapo mvua huchagua pa kunyesha.

Hali inaelekea kubadilika zaidi. Kadiri dunia inavyopata joto, wataalamu wanatarajia maeneo yanayofaa chai yasogee juu milimani. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli katika sehemu kame za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Kwa hiyo hata aliyezaliwa mahali na kurithi ujuzi wa babu yake analazimika kuupima upya.

Kinachowezekana

Hakuna mahali pasipofaa kitu. Mai Mahiu, mahindi ya muda mfupi, maharagwe yanayokomaa mapema, kunde na viazi vitamu vina nafasi nzuri kuliko mahindi ya Kitale. Mbuzi, kuku na nyuki huhitaji mvua kidogo kuliko shamba. Nyasi zikikatwa na kuhifadhiwa wakati wa mvua huwa na bei wakati wa kiangazi, kwa vile wafugaji wa Suswa na Narok huzitafuta.

Sukuma wiki, nyanya na vitunguu huwezekana kwa mwenye kidimbwi cha kuvuna maji ya mvua. Hata hivyo, katika udongo wa jivu kidimbwi lazima kitandikwe plastiki. Kisipotandikwa, maji hupotelea ardhini kabla hata mche haujahamishwa kutoka kitaluni. Makinga-maji nayo huzuia udongo usiondoke na kuyapa maji muda wa kuingia.

La muhimu ni kupanda mapema. Katika msimu wa siku 70 au 80 za unyevu, juma moja la kuchelewa ni sehemu kubwa ya msimu. Mbegu inapaswa kuwa nyumbani na shamba liwe limetifuliwa kabla Idara ya Hali ya Hewa haijatangaza mwanzo wa masika.

Anayenunua ardhi Mai Mahiu, au popote pengine pageni kwake, ana maswali matatu ya kuwauliza majirani na afisa wa kilimo kabla hajauliza bei ya mbegu dukani. Mvua hunyesha kwa siku ngapi kila msimu? Shamba liko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Ukichimba futi tatu, unakuta nini? Majibu hayo ndiyo yatakayomwonyesha mbegu ya kupanda na ile ya kuwaachia wakulima wa kule alikotoka.